Aliyesuka Ndiye Afumue

Nagongera,
8 Desemba 2024

Kwa wifi yangu Annet,

Natumaini barua hii inakukuta mikono yako imo kwenye kichwa cha mtu, maana ukiwa na wateja najua mmekula. Mimi nipo, karanga zimevunwa, na mgongo unauma pale pale pa siku zote.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe husema "sawa, sawa, sawa", na nikishakata sijui sawa ipi ilikuwa ya kweli. Karatasi haina haraka. Rasto anapeleka kuku Busia kila siku ya soko, yeye atakuwa tarishi wetu. Mpe majibu lakini usimpe chai, akinywa anasahau kuondoka.

Habari yenyewe ni njema. Mwalimu mkuu wa shule hii ya nyuma ya soko amekubali kumpokea binti yenu Patience darasa la nne. Huku Uganda shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe tatu Februari, si mwanzoni mwa Januari kama kwenu upande wa Kenya, kwa hiyo tuna muda wa kujiandaa. Nilimpigia kaka yangu Ochwo huko Juba alikopeleka lori, amefurahi sana. Anasema sasa mwanawe atajua lugha yetu ya Kidhopadhola badala ya kujua majina ya madereva wote wa foleni ya mpakani.

Sare nitamshoneshea hapa kwa fundi Ojulong, maana ndiye anayeijua rangi yao. Wewe mpe viatu vyeusi, soksi, sweta, madaftari, rimu moja ya karatasi na ufagio. Naam, ufagio, kila mtoto anakuja na wake. Na nywele, kama unavyojua, huku wasichana wote wananyolewa. Aje amenyolewa tayari, ili kichwa kizoee jua kabla ya kuzoea hesabu.

Chumba cha kando nimekisiriba upya. Nilikuwa nimeweka mihogo humo. Mihogo imehama.

Wifi yako,
Awor


Busia, upande wa Kenya,
15 Desemba 2024

Wifi Awor,

Salamu kutoka saluni. Barua yako ilisomwa kwa sauti na mteja kabla sijamnyang'anya, kwa hiyo nusu ya Busia inajua kwamba mihogo imehama.

Asante kwa kumtafutia mtoto nafasi. Tulikubaliana na Ochwo, na mimi sirudi nyuma. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuendelea kufanya hesabu zake kando ya mashine ya kukaushia nywele, dawa zinamwasha macho, halafu alale kwenye benchi mpaka mteja wa mwisho aondoke. Mwalimu wake, Bwana Omoding, aliniita akaniambia Patience anasinzia darasani. Niliona aibu. Kwako atalala mapema na akitoka shule atakuta mtu nyumbani.

Viatu nimenunua, vikubwa kidogo ili avikulie. Sweta ni ya mtumba lakini inashinda mpya. Madaftari nimeyajalidi kwa gazeti, na ufagio nimeufunga mwenyewe, mama yangu angeuona angenisifu.

Ila mtoto amekuwa kimya siku hizi. Nikimtajia Nagongera anaangalia chini na kusema "ndiyo, mama", basi. Nadhani anaogopa, maskini, na hataki kuniumiza. Mimi nami simuulizi, kwa sababu akiniambia anaogopa sitajua la kufanya.

Acha tule Krismasi naye hapa, halafu Rasto atamleta.

Wako,
Annet


Nagongera,
30 Desemba 2024

Wifi Annet,

Mgeni wetu amefika salama. Sweta imefika, ufagio umefika, na kichwa pia kimefika.

Nikuulize tu: barua yangu uliisoma mpaka mwisho? Maana Rasto alipofungua mlango wa gari, aliteremka msichana aliyesukwa utadhani anakwenda kuposwa. Mistari myembamba namna ile, imezunguka kichwa chote na kukutana utosini, na shanga juu yake. Kusema kweli sijawahi kuona kazi nzuri kama hiyo. Wanawake wa hapa wanakuja mmoja mmoja wakijifanya wanaomba chumvi, kumbe wanataka kuitazama.

Jirani mmoja alimsikia akiongea Kiswahili, akanivuta kando na kuninong'oneza, "Awor, huyu mtoto ni ya polisi gani?" Unajua huku kwetu, Kiswahili ni cha kambini na cha sokoni tu. Nikamwambia ni mtoto wa kaka yangu na wa msusi hodari wa Busia, na polisi hatuna.

Anakula vizuri. Anaamka na kuku. Tulikwenda pamoja kwa Ojulong kupimwa sare, akasimama wima kama askari kweli, nikacheka peke yangu. Amefanya urafiki na binti za Edeku wa ng'ambo ya kisima, nao wote vichwa vyao vimenyolewa, wanaanza siku ile ile. Kiswahili chao ni cha kuokoteza na Kidhopadhola chake ni cha kuokoteza, lakini kelele zao hazina upungufu.

Basi niambie, nywele hizi tunafanyaje? Mimi sijazigusa.

Wifi yako,
Awor


Busia,
7 Januari 2025

Wifi Awor,

Jana shule za huku zimefunguliwa. Nilisimama mlangoni mwa saluni nikawatazama watoto wakipita na mabegi yao, na nilihisi kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Bwana Omoding alipita akauliza Patience yuko wapi. Nilimwambia yuko kwa shangazi yake, amekwenda kutembea. Sikumwambia zaidi. Akasema kiti chake kipo, atamshikia mpaka mwisho wa mwezi huu.

Kuhusu nywele, ilikuwa zawadi ya Krismasi. Mama msusi ampe mwanawe nini kingine? Nilimsuka siku nzima ya tarehe ishirini na sita, saluni imefungwa nusu, tukala maandazi na kusikiliza redio. Hakulalamika hata kidogo. Huku kwetu shule inaruhusu mistari ikiwa safi. Nenda umwombe mwalimu mkuu, wifi. Mweleze mtoto ametoka upande wa pili, bado anazoea. Akikataa kabisa, basi labda ni dalili kwamba tumeharakisha, na mtoto anaweza kurudi bila mtu yeyote kuaibika.

Na uniambie ukweli. Analia kwa ajili ya nywele? Najua atakuwa analia. Usinifiche.

Annet


Nagongera,
14 Januari 2025

Wifi Annet,

Nilikwenda. Nilivaa gomesi yangu ya kanisani na nikabeba viazi. Mwalimu mkuu, ambaye ni mwanamke mwenzetu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita binti yake mwenyewe aliyekuwa anafagia nje. Akamshika kichwa kilichonyolewa akaniambia, "Mama, hapa kichwa yote ni sawa. Hata ya mtoto yangu." Patience akifika na nywele siku ya kufungua, nafasi inakwenda kwa mwingine, kwa sababu wapo wanaosubiri. Hakuwa mkali. Habari za ile kazi yako zilikwisha kumfikia, hata akaniuliza saluni yako iko wapi.

Sasa mimi na wewe tuambiane ukweli. Ningeweza kuchukua wembe jioni hii mambo yakaisha. Sitafanya hivyo. Aliyesuka ndiye afumue. Nikimnyoa mimi, siku mtoto akinuna, au akishikwa na malaria, au akianguka mtihani, utasema Awor alininyang'anya mtoto, na alianzia kichwani.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikuzaa, kwa hiyo wako siwezi kuupima. Lakini hamu ya mtoto ndani ya nyumba naijua, nimekaa nayo miaka mingi. Tangu Patience aje napika sufuria kubwa na kuimaliza, naimba nikipepeta karanga, na sauti yangu unaijua ilivyo mbaya. Namtaka akae. Namtaka sana. Ila namtaka kutoka mkononi mwako, si kwa kumvizia.

Kwa hiyo njoo kabla ya Jumatatu ile, na vifaa vyako. Usipokuja nitamkalisha kwenye gari la Rasto nimrudishe kwa Bwana Omoding wako, na sitakulaumu. Nitaumwa kidogo, halafu nitapona.

Na kuhusu machozi, usiniulize mimi mtoto anasema nini juu ya nywele zake. Ana mdomo. Muulize akiwa mbele yako.

Awor


Busia,
22 Januari 2025

Wifi Awor,

Barua yako ilinikasirisha. Niliisoma tena ikanikasirisha kidogo. Mara ya tatu nilikuwa nimemkalisha mteja chini ya mashine nikamsahau, akatoka amekauka mpaka nyusi. Lile swali lako kama niliisoma barua ya kwanza mpaka mwisho, sitalijibu.

Ochwo alipiga simu kutoka barabarani. Nilimweleza kwamba dada yake ana kiburi. Alicheka akasema, "Mimi niko mbali. Hiyo maneno ya kichwa mumalize nyinyi wawili." Wanaume bwana, akiwa karibu anajua kila kitu, akiwa mbali hajui kitu.

Nitakuja Jumamosi tarehe mosi Februari. Nitafunga saluni kutwa nzima, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya matanga ya mjomba wangu. Lakini nina sharti. Nimemzaa, uso wake naujua. Nikianza kufumua akatoa chozi hata moja, naondoka naye jioni hiyo hiyo, na Bwana Omoding ameahidi kunivumilia siku hizo mbili tatu. Na usimfundishe la kusema.

Niwekee maji safi na kigoda.

Annet


Busia,
2 Februari 2025, Jumapili jioni

Wifi Awor,

Ulijua.

Nimefika salama, Rasto amenisindikiza mpaka mlangoni na sikumpa chai. Naandika kabla ya kulala kwa sababu jana, mbele ya mtoto, sikuweza kukuambia, na leo asubuhi ulikuwa na haraka ya kutupeleka kanisani.

Ulipotuacha uani ukasema unakwenda kutazama mihogo, nilifikiri unatupa nafasi kwa adabu. Sasa naamini ulikwenda kuficha kicheko. Basi nikueleze yaliyotokea, ingawa nusu yake unayo.

Njia nzima kutoka Busia nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia nywele zinaota tena. Nitamwambia shangazi anakupenda. Nitamwambia ukitaka turudi, sema tu. Nilikuwa bado natafuta la kuanzia pale Patience alipoleta kigoda mwenyewe, akakaa katikati ya magoti yangu kama anavyokaa tangu akiwa mdogo, akainamisha kichwa. Akasema, "Mama, anzia nyuma. Nilimwambia shangazi aninyoe tangu nikuje, akakataa. Ati nywele ni za mama."

Wifi, mikono yangu ilisahau kazi. Nikamuuliza kama haogopi shule. Akasema alikuwa anaogopa zamani, akiwa Busia, lakini si shule. Alikuwa anaogopa nikimwona anafurahi kuja huko nitafikiri amenichoka. Ndiyo maana alikuwa anaangalia chini. Na mimi nilivyokuwa najigamba kwamba uso wake naujua! Hofu ile niliyoiona ilikuwa yangu mwenyewe.

Chozi lilitoka, lakini si lake, kwa hiyo sharti langu halikunifaa kitu. Lilimdondokea shingoni, akadhani ni maji ya kwenye kopo, akasema, "Mama, hayo ni ya moto."

Kufumua kulikula mchana wote, na nakiri nilikuwa sina haraka. Alinieleza juu ya binti za Edeku, nani ana mdomo na nani ana huruma, na jinsi unavyoimba. Alisema sauti yako si mbaya sana, ni vile unaanza juu. Nilipomaliza kunyoa, masikio ya Ochwo yakatokea pale pale, makubwa, yamesimama. Miaka yote hii nilikuwa nayafunika bila kujua.

Nimekukasirikia kwa kuninyamazia, na nakushukuru kwa kuninyamazia. Zote mbili ni zako, zipokee.

Kesho ndiyo kesho. Tafadhali niandikie kila kitu.

Wifi yako,
Annet


Nagongera,
5 Februari 2025

Wifi yangu Annet,

Zote mbili nimezipokea. Ya hasira nimeiweka nje kwenye mihogo.

Ndiyo, nilijua. Kuanzia jioni ya kwanza alinifuata jikoni akaomba anyolewe awe kama wenzake. Kila siku ananiomba, kila siku nakataa, mpaka akaanza kuniita mkaidi kwa Kidhopadhola, na alilitamka vizuri nikamsifu. Lakini ningekuandikia kwamba mtoto anataka kunyolewa, ungeamini? Ungesema Awor amemlisha maneno. Maneno mengine hayafai kupita kwenye mdomo wa wifi. Ilibidi uyasikie kutoka kwake, na kichwa chake kikiwa mikononi mwako.

Sasa Jumatatu. Aliamka kabla yangu. Nilimkuta amevaa sare, viatu amevijaza karatasi vidoleni, ufagio ameushika, anasubiri mlangoni na giza halijatoka. Nikamwambia shule haina miguu, haitaondoka. Akanywa uji kwa kusimama.

Nilimsindikiza mpaka uani mwa shule, nikamkabidhi kwa mwalimu wa darasa, nikajifanya nakwenda nyumbani. Sikwenda. Nilisimama kwenye ua wa michongoma kama mwizi. Kengele ilipolia wakapanga mistari, na hapo nikashtuka: vichwa vyote sawa, sare zote sawa, sikumwona. Nilikagua kila mstari. Nikawaza, jana mama yake kanikabidhi, leo nimeshampoteza. Halafu mstari wa darasa la nne ukaanza kutembea kuingia ndani, nikamtambua kwa mwendo. Anatanguliza bega moja, kama baba yake alivyokuwa akitembea akiwa na umri ule ule, akipita kwenye mlango ule ule. Nilifurahi, wifi, nikajikuta naongea na michongoma.

Jioni alirudi na njaa na habari. Mwalimu wa hesabu anaenda mbio lakini atamfikia. Wanamwita Kenya. Amekaa dawati moja na binti mmoja wa Edeku. Wakati wa mapumziko wasichana walimuuliza mama yake anafanya kazi gani, na kwa kuwa hakuna mwenye nywele, akawaonyesha kwa nyasi ndefu za uwanjani. Sasa anasema ana wateja.

Jana hakutaka nimsindikize. Alisema njia anaijua. Nilimwacha aende, na nikajua kidogo ulivyohisi wewe.

Kila mwisho wa mwezi akiruhusiwa nitamleta. Na wewe ukija, chumba cha kando kina nafasi.

Wifi yako,
Awor


Busia,
9 Februari 2025

Wifi Awor,

Barua yako safari hii nimeisoma mimi mwenyewe kwa sauti, wateja wamelia na kucheka, na mmoja ametaka kujua kama unaolewa.

Nilikwenda kwa Bwana Omoding nikamwambia kiti akitoe. Alifurahi, akasema mtoto akilala vizuri usiku, kichwa kile kitafika mbali. Nikatoka pale mwepesi. Nilifikiri ningehuzunika, sikuhuzunika.

Ila nikuambie la Jumatatu asubuhi, maana kwako siwezi kuficha tena. Niliamka alfajiri bila kuamshwa na mtu. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikayapooza vizuri kwenye beseni, nikajaribu kwa kiwiko. Nikaita, "Patience, amka uoge, leo shule inafunguliwa." Nyumba ikakaa kimya. Nikasimama pale na taulo begani.

Halafu nikakumbuka kwamba saa hiyo hiyo kuna mtu mwingine ameamka kwa ajili yake. Nikavua nguo, nikaoga mimi yale maji, polepole, mpaka nyuma ya masikio, nikaenda kufungua saluni.

Wako,
Annet